Ubora wa Sauti: Programu Zisituulize Maswali ya Mafundi

Ramadhani iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alirekodi darsa la baada ya Alasiri, la saa nzima, akalitia kwenye grupu la msikiti. Faili lilikuwa MB 600 na ushei. Jioni bi mkubwa mmoja akanipigia simu: "Mwanangu, bando langu la wiki limekwisha na darsa sijalisikia."

Simlaumu kijana. Programu ilimuuliza: WAV au MP3? 44100 au 48000? Kbps 128 au 320? Yeye aliona neno "ubora" akachukua cha juu kabisa. Nani atachagua ubora wa chini kwa maneno ya dini?

Hizo kbps ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya sauti. Saa moja ya WAV ya kiwango cha CD hufika kama MB 635. MP3 ya 320 ni MB 144, ya 128 ni MB 58, na ya 64 ni MB 29. Sheikh mmoja mbele ya maikrofoni moja hana haja ya stirio, maana kushoto na kulia ni sauti ile ile; 64 ya mono yamtosha. Taarab ni jambo jingine. Fidla, kanuni na ngoma zikibanwa mno, utasikia mlio kama wa bati.

Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wengi, iliwahi kuvipa viwango vya MP3 majina: wastani, kawaida, kupindukia, na hiyo 320 ikaitwa kwa Kiingereza "Insane", yaani wazimu. Angalau hapo ulionywa! Lakini bado hukuambiwa kipi ni cha kazi gani.

Vijana wetu wanaounda programu waanzie hapo. Swali la kwanza liwe: sauti hii ni ya nini? Ya kutuma kwa simu, ya kupeleka redioni, au ya kuweka akiba? Kando ya kila jibu paandikwe ukubwa wa faili kwa MB, kabla mtu hajabonyeza, kwani MB ndizo tunazonunua dukani. Pawe na kitufe cha kusikiliza sekunde kumi za mfano. Zile namba zisifutwe, fundi wa studio anazihitaji, ila zikae nyuma ya "mipangilio zaidi".

Na pawe na onyo moja. Faili lililokwisha kubanwa, ukilitoa upya kwa 320, litanenepa tu. Sauti iliyopotea hairudi. Ni kama kumimina kikombe cha chai ndani ya sufuria, chai ni ile ile.

Lile darsa tulilitoa upya kutoka kwa rekodi ya asili, 64 ya mono. Bi mkubwa akanitumia ujumbe: "Leo nimesikia mpaka sheikh akikohoa."