Miji Midogo ya Milimani: Kikundi Kiende Kuona Nini?

Kila mwaka Desemba ikikaribia, vikundi vingi huku kwetu Marachi, Busia na Malaba huuliza swali moja: mwaka huu twende wapi? Wengine husema twende Kisumu tukaone ziwa. Wengine wanataka Nairobi. Na karibu kila mkutano kuna mama mmoja anayeinuka na kusema, "Pesa hizo si afadhali tununue viti vya kukodisha?"

Swali la huyo mama ni la maana. Pesa ya kikundi ni jasho la watu, na viti vya kukodisha vinaleta shilingi kila kukiwa na harusi au matanga. Kwa hiyo tukitaka safari, lazima safari nayo ilete kitu nyumbani. Katika makala hii tunaeleza habari za miji minne midogo ya milimani. Yote inapendeza macho. Lakini tumeichagua kwa sababu katika kila mmoja watu wa kawaida, wakulima kama sisi, wamepata njia ya kuishi kwa kile walicho nacho. Kikundi kikienda na swali la kuuliza, kitarudi na jibu. Kikienda bila swali, kitarudi na picha peke yake.

MBONA MILIMA?

Sisi tunaishi chini. Marachi iko kati ya mto Sio na mto Nzoia, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu, watu wa Malaba na Amagoro wanauona Mlima Elgon umekaa pale kama mzee amejifunika blanketi. Tunauona kila siku, lakini wengi wetu hatujawahi kuukanyaga.

Lakini mlima huo unatulisha. Mto Malaba unatoka Elgon, unapita mpakani, unaingia Uganda na maji yake yanaishia Ziwa Kyoga. Nzoia nayo inakusanya maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, inapita kwetu, kisha inaingia Ziwa Victoria kule Bunyala. Miti ikikatwa kule juu, udongo unateremka na maji. Watu wa Budalang'i wanajua hayo vizuri: mwaka 2003, 2007, 2020 na 2024 walihama nyumba zao kwa mafuriko. Basi mtu anayelima kwenye mteremko wa Elgon ni jirani yetu wa juu. Ni vizuri kumtembelea jirani kabla ya kumlaumu.

1. KAPSOKWONY

Huu ndio mji wa mlimani ulio karibu nasi zaidi upande wa Kenya. Ni makao makuu ya Mount Elgon, katika Kaunti ya Bungoma. Unakwenda Bungoma, halafu unapanda kupitia Chwele au Kimilili. Hewa inabadilika njiani. Ukifika juu na kugeuka nyuma, unaona nchi yote ya chini imetandazwa kama mkeka.

Wenyeji wengi ni Wasabaot. Wanalima kahawa, viazi, vitunguu na mahindi. Huko juu zaidi, Chepkitale, wako Waogiek, ambao tangu zamani wanajulikana kwa asali. Kikundi chenu kikiwa na mizinga, hapo pana mwalimu.

Msikose kusimama soko la Chwele siku ya soko. Angalieni jinsi mazao ya mlimani yanavyopangwa kwa ukubwa, yanavyofungwa na yanavyopewa bei. Ulizeni: nani anapanga bei, mkulima au mwenye lori? Vitunguu vinauzwa kwa kilo, au kwa gunia la lumbesa lililojazwa mpaka limeota kichwa? Majibu hayo yatawasaidia hata ninyi mnaouza mihogo na njugu Bumala.

Jambo moja la heshima. Kati ya 2006 na 2008 eneo hili lilipata machungu makubwa ya vita vya ardhi. Wako waliofiwa na waume, na wako ambao watoto wao hawakurudi. Mgeni asimuulize mwenyeji habari hizo ili apate hadithi ya kurudi nayo. Mwenyeji akitaka kusema mwenyewe, nyamazeni mumsikilize.

2. SIPI NA KAPCHORWA

Mlima ni ule ule, ila sasa tuko upande wa Uganda. Mnavuka Malaba, mnapita Tororo na Mbale, halafu barabara inaanza kupanda kwa kona kona. Sipi ni kituo kidogo tu cha biashara kabla ya mji wa Kapchorwa, lakini hapo kuna maporomoko matatu ya maji. Kubwa zaidi linaanguka kama mita 100. Wenyeji ni Wasabiny, ndugu wa Wasabaot wa Kapsokwony, na lugha zao zinasikilizana. Mpaka ulichorwa juu yao kama ulivyochorwa juu ya Wateso na Wasamia wetu.

Watu wa Kapchorwa wamekuwa na majina makubwa kwa mbio. Stephen Kiprotich alishinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London 2012. Joshua Cheptegei alishinda mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na mita 10,000 Paris 2024.

Lakini somo kubwa la Sipi liko katika kahawa. Mkulima mwenye miti michache ya kahawa akiiuza mbichi, anapata bei ya mnunuzi. Vijana wa Sipi waligundua kwamba wageni wanaokuja kuona maji wanapenda pia kuona kahawa. Basi wanamtembeza mgeni shambani. Anachuma mwenyewe, anamenya, anatwanga kwa kinu, anakaanga kwenye moto wa kuni, kisha anakunywa kikombe alichokitengeneza kwa mkono wake. Kahawa ni ile ile. Kilichoongezwa ni saa mbili za kueleza, na hizo saa zinalipwa. Na kwa sababu njia za kwenda kwenye maji zinapita katika mashamba ya watu, mgeni huenda akaombwa kulipa zaidi ya mara moja. Ni heri kumchukua mwenyeji awaongoze na mpatane bei yote kabla ya kuanza kutembea.

3. ITEN

Iten iko Elgeyo Marakwet, juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale ukingoni, bonde liko chini yako mpaka kichwa kinazunguka. Kwenye lango la mji wameandika kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na si majivuno. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika kufundisha katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwaangalia vijana wakikimbia. Miongoni mwa aliowalea ni David Rudisha, ambaye mwaka 2012 huko London aliweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 sekunde 40.91.

Sasa angalieni faida kwa mji. Wakimbiaji walipopata jina, wengine kutoka nchi za mbali wakaanza kuja kufanya mazoezi kwenye barabara za udongo. Mkimbiaji anahitaji chumba, maziwa, mayai, sukuma wiki, ugali na mtu wa kumfulia. Hivyo mama mwenye ng'ombe wawili naye akaingia katika biashara ya riadha bila kukimbia hata hatua moja. Swali la kubeba Iten ni hili: kwetu ni nani anayepita kila siku, na anahitaji nini ambacho hatumuuzii? Sisi tuko mpakani. Madereva wa malori hulala Malaba na Busia kila usiku.

4. LUSHOTO

Huu ni mbali, na hatutarajii vikundi vingi kufika. Uko Tanzania, milima ya Usambara. Kutoka barabara kuu pale Mombo unapanda kona baada ya kona mpaka mjini. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, kwa kuwa waliikimbilia baridi yake. Leo watu hupenda kutembea mpaka Irente, mahali pa jabali ambapo unaona nyanda za chini zote.

Tunautaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni udongo. Milima ile ilikuwa inamomonyoka vibaya. Kuanzia 1981, mradi wa serikali za Tanzania na Ujerumani ulifanya kazi na wakulima kupanda miti na majani ya ng'ombe kwa mistari inayokata mteremko, na kufuga ng'ombe zizini badala ya kuwaachia. Mstari mmoja wa majani ulifanya kazi mbili: ulishika udongo na ulilisha ng'ombe. Ya pili ni utaratibu wa wageni. Katikati ya miaka ya 1990 wenyeji walianza mpango wa utalii wa kitamaduni, ambao sehemu ya malipo ya mgeni huenda kwa maendeleo ya kijiji. Mgeni analipa akijua pesa inakwenda wapi, na kijiji kinakuwa na sababu ya kumlinda mgeni.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUONDOKA

Mvua. Miteremko ya Elgon huteleza. Huko Bududa, Uganda, tarehe 1 Machi 2010, udongo ulifunika kijiji na watu zaidi ya 100 walikufa. Oktoba 2018 wengine zaidi ya 40 walikufa wilaya hiyo hiyo. Msipange safari ya mlimani wakati wa mvua nyingi. Desemba hadi Februari huwa na ukavu zaidi. Mvua kubwa ikinyesha mkiwa huko, msisimame chini ya mteremko uliolimwa wala kuvuka kijito kilichojaa.

Mapango. Elgon ina mapango yenye sifa, kama Kitum, ambamo ndovu huingia kutafuta chumvi. Lakini mwaka 1980 na 1987 watu waliougua homa ya Marburg walikuwa wamelitembelea pango hilo, na popo hubeba ugonjwa huo. Msiingie pango lenye popo, na watoto wasiguse popo.

Karatasi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kipitisheni kwa maofisa, msipite njia za panya hata kama mnazijua. Ulizeni pia ofisi ya afya ya mpakani kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Baridi. Kila mmoja abebe sweta na viatu vinavyoshika chini. Kandambili hazipandi mlima.

TUPIGE HESABU

Huu ni mfano tu. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa wiki, kando kabisa na pesa ya merigoraundi. Kwa wiki 30 mtakuwa na shilingi 30,000. Mweka hazina aigawe mapema: gari, chakula, malipo ya mwongozaji, na akiba ya dharura. Ulizeni bei ya gari kwa watu watatu tofauti. Mkiona pesa haitoshi kwenda Sipi, punguzeni safari, msikope.

Kisha chagueni watu watatu wa kuandika. Mmoja aandike mambo ya shamba, mmoja ya biashara, mmoja ya jinsi kikundi cha wenyeji kinavyoendeshwa. Wiki moja baada ya kurudi, watoe taarifa mbele ya wote. Na kikundi kikubaliane jambo moja tu la kujaribu. Jambo moja linalofanyika ni bora kuliko kumi yanayobaki kwenye daftari.

NA SISI TUNA NINI?

Kuna safari ya siku moja ambayo inaweza kutangulia zote. Kakapel iko hapa hapa Kaunti ya Busia, upande wa Teso Kaskazini. Ni mwamba wenye michoro ya watu wa kale, na ni mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo wa Kakapel wamepata kunde ya miaka kama 2,300. Ni kati ya ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo katika Afrika Mashariki. Walipata wimbi pia. Yaani kunde anayoipika mama jioni ina historia ndefu kuliko mji wowote tuliotaja hapa. Na neno boda boda lenyewe, ambalo leo linasikika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa kwa waendesha baisikeli wa mpakani kwetu.

Basi huyo mama wa viti tumjibu hivi: tukienda kwa mpango, tutarudi tukijua namna ya kumkaribisha mgeni, na hapo viti vitapata watu wa kuvikalia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mgeni akifika kijijini kwetu kesho, tutamwonyesha nini, na nani atamweleza?
2. Kuna zao gani tunaliuza bichi ambalo lingepata bei zaidi tukiliongezea kazi kidogo?
3. Mashamba yetu yaliyo kando ya mto yana majani na miti ya kushika udongo? Nani ataanza?
4. Tukipata safari moja mwaka huu, swali letu kubwa la kubeba ni lipi?