Je, Wajua? Chungu Kinachopika Mwenyewe Akiwa Shambani

Je, wajua kwamba chungu cha umeme cha kupika polepole, kile ambacho Wamarekani hukijaza asubuhi na kurudi jioni kukuta chakula kimeiva, kilianza maisha yake kwa ajili ya maharage? Mvumbuzi wake, Irving Naxon wa Chicago, aliomba hataza mwaka 1936 na kupewa Januari 1940. Akakiuza kwa jina la Naxon Beanery, jina lililotokana na maharage yenyewe. Mtu wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, akisikia hivyo atacheka kidogo, maana huku maharage ndiyo mwenye nyumba. Ndizi, ugali wa muhogo na wali ni wageni wanaopishana mlangoni.

Wazo lenyewe Naxon alilipata kwa mama yake, aliyekuwa akimsimulia maisha ya Wayahudi wa Vilnius, Lithuania. Sabato hairuhusu kuwasha moto. Basi Ijumaa, kabla jua halijazama, chungu chenye nyama, maharage na shayiri kilipelekwa kwa mwoka mikate na kuachwa ndani ya tanuri lililokuwa likipoa. Tanuri hilo halikuongezwa hata ukuni mmoja, na kesho yake chakula kilikuwa tayari. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara ya Naxon, na mwaka 1971 ikakitoa chungu kilekile kwa jina la Crock-Pot. Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakitoka kwenda kazini, na chungu kisichohitaji mtu wa kukilinda kikawapata wakiwa tayari kukinunua.

Je, wajua kwamba chakula kimoja kinachokishinda chungu hicho ni tambi? Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimeazimwa chungu cha umeme, nikatia nyama, nyanya, vitunguu na makaroni vyote pamoja saa mbili asubuhi, nikaenda zangu. Jioni nilikuta uji mzito wenye rangi ya nyanya. Watoto waliunywa kwa vijiko, mmoja akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Kosa halikuwa la chungu. Tambi nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu, na ndani yake chembe za wanga zimeshikwa na wavu wa protini. Maji yakifika kama nyuzijoto 60 na kupanda, chembe zile huanza kunywa maji na kuvimba. Dakika kumi na kitu zinatosha. Zikiendelea kukaa kwenye joto hupasuka, wanga ukatoka nje, na mchuzi ukawa gundi. Kwa hiyo wanaopika makaroni ya chungu kwa ustadi huacha nyama na mchuzi vijipikie kutwa nzima, na tambi huingia nusu saa ya mwisho, watu wakiwa tayari wananawa mikono.

Hapo pana jambo jingine la kushangaza: tambi haihitaji maji yanayotokota hadi mwisho. Mwaka 2022 Giorgio Parisi, Mwitaliano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, aliunga mkono hadharani ushauri wa kuzima gesi katikati ya mapishi na kuacha sufuria imefunikwa. Wapishi wa kwao walimjia juu kana kwamba ametukana dini. Lakini hesabu iko upande wake. Mapovu hayapiki kitu, kinachopika ni joto, na kazi ya kuni zinazoendelea kuwaka chini ya sufuria inayotokota ni kugeuza maji kuwa mvuke wa kupandisha darini.

Kama ni joto tu linalotakiwa, basi kaya nyingi za Nyantakara zina chungu cha Naxon tayari. Kimelala uvunguni kwa sura ya kapu kubwa na blanketi kuukuu. Chukua kapu la majani, lijaze pembeni na chini kwa nyasi kavu, maganda makavu ya mgomba au vipande vya nguo, uache shimo la ukubwa wa sufuria. Sufuria ikichemka barabara huipuliwa na kutiwa humo ikiwa na mfuniko wake, kisha mto mnene wa vitambaa juu. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, sanduku la namna hiyo kutoka Norwei lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotazamwa. Hapa Afrika, kuanzia mwaka 2008, Sarah Collins wa Afrika Kusini amelisambaza kwa sura ya mfuko wa kitambaa unaoitwa Wonderbag. Na Waganda, majirani zetu, hawakungoja Paris wala Norwei: matoke hufungwa kwa majani ya mgomba, yakaachwa juu ya moto uliofifia mpaka yalainike yenyewe.

Je, wajua kwamba maharage ya Biharamulo yanachelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam hata yakiwa ya gunia moja? Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Biharamulo na Ngara viko juu zaidi ya hapo. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji hutokota mapema kwa nyuzijoto moja. Kwa hiyo maji ya Nyantakara hutokota yakiwa kwenye 95 au 96 badala ya 100. Unaongeza kuni, moto unanguruma, na maji hayapandi hata nyuzi moja. Dawa yake ni kuyaloweka maharage tangu usiku, kuyafunika vizuri, na kuwa na subira. Au jiko la presha, ambalo kazi yake hasa ni kuyalazimisha maji yapande kupita hapo.

Kuni zenyewe zina historia katika nchi hii. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kiasi cha wakimbizi Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, na kambi yao ya Benaco ikageuka mji. Watu wote hao walikula nafaka na maharage, na kila chungu kilidai kuni zake. Aliyeiona misitu ya jirani kabla na baada haulizi kwa nini mfuniko wa sufuria ni jambo la kuzungumzwa.

Sasa pale pale Rusumo pana mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80, unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya upande wetu inafika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Chungu cha umeme cha kupika polepole hula wati 200 hivi. Kikikaa saa saba, ni yuniti 1.4. Mwenye mita ya matumizi madogo, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Hiyo ni shilingi 140 kwa mlo wa jioni, na fungu la kuni la bei hiyo sijui utalipata wapi. Tatizo ni umeme kukatika saa nane mchana, chungu kikapoa na nyama ndani bila mtu kujua. Kwa hilo kapu lina nafuu, maana halina cha kukatika.

Onyo moja ni la lazima, nami sitalifupisha. Je, wajua kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu, na kwamba joto la chini laweza kuizidisha? Ni protini ya kundi la lektini. Mbegu nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Maharage yaliyopashwa hadi nyuzijoto 80 tu, kiwango ambacho chungu cha polepole hukaa nacho kwa saa nyingi, yameonekana kuwa na sumu hata mara tano ya mabichi. Basi yaloweke, mwaga maji yake, yachemshe kwa maji mapya yakitokota kwelikweli kwa dakika 30, ndipo uyatie kwenye chungu au kwenye kapu. Bibi zetu waliomwaga maji ya kwanza hawakusoma kemia, ila tumbo lilikwisha wafundisha.

Jioni ya siku ya kazi, basi, mambo huenda hivi. Alfajiri, kabla ya shamba au zamu ya shule, kaanga vitunguu, nyanya na karoti, tia nyama iliyokatwa ndogo au maharage yaliyokwisha chemshwa, chumvi, maji ya kuelea. Yaache yatokote nusu saa, kisha sufuria iingie kapuni ikiwa imejaa, kwa sababu sufuria nusu hupoa upesi. Ukirudi, onja. Kisipokuunguza ulimi kimeshuka chini ya nyuzijoto 60, na chakula chenye nyama hakitakiwi kukaa huko, kwa hiyo usikicheleweshe kama kapu lako halina unene. Kikiwa bado moto, kirudishe mekoni kitokote tena kwa dakika kadhaa. Kwa kila kikombe cha makaroni pawe na kikombe na nusu cha mchuzi. Mimina, koroga mara moja, subiri kitokote, kisha ipua na urudishe kapuni dakika 20. Mwenye maziwa ya mgando yaliyochujwa maji ayatandaze juu, yatakaa mahali pa jibini bila kulalamika.

Watengenezaji wa vyungu vya umeme husema kila mfuniko ukifunuliwa uongeze dakika 15 hadi 30 za kupika. Nyumbani kwangu unafunuliwa mara tatu kabla ya saa moja usiku, na kila anayeulizwa anasema alikuwa anatafuta kijiko.