Mlo wa Nyenje na Uhai wa Chura wa Kihansi

Kama unafuga kuku uani, bila shaka unajua kwamba kuku akikosa chokaa hutaga mayai yenye ganda laini. Basi usistaajabu kusikia kwamba chura mmoja wa nchi yetu naye amehitaji kuangaliwa kwa namna hiyo hiyo, kuanzia tumboni mwa nyenje.

Chura huyo ni wa Korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Hafikii urefu wa sentimita 3, na badala ya kutaga mayai huzaa watoto. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakatoweka, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Kufikia Desemba 2004 waliobaki hai hawakufika 70. Watunzaji walipokwisha kuyaelewa mahitaji yao, ndipo walipoanza kuongezeka.

Chura wa kufugwa hulishwa vinyenje vichanga na inzi wa matunda. Lakini nyenje aliyeshindia pumba tupu hana faida kubwa kwa anayemla. Mwilini mwake fosforasi huzidi mno madini ya chokaa, na chura anayemtegemea huishia kuchota chokaa katika mifupa yake mwenyewe, hata ikalegea. Akikosa na vitamini A, ulimi wake huacha kunata; humrukia mdudu akamkosa, akafa njaa chakula kikiwa mbele yake!

Kwa hiyo nyenje hulishwa kwanza: karoti, boga, majani mabichi, na unga uliotiwa chokaa, kwa siku moja au mbili. Kisha hutolewa tumbo likiwa bado limejaa, maana akichelewa hubaki mtupu kama mwanzo. Wadudu hupakwa pia unga wa madini na vitamini, ingawa nyenje ni msafi kupita tunavyomdhania. Akiachwa kidogo hujipangusa wote.

Agosti 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini kwa ndege na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wengine wakaachiwa Kihansi kwenyewe, penye manyunyu ya mabomba. Huko hapakuwa na mtu wa kuwapakia wadudu chokaa; ilibidi wajiwindie.