Trekta Halitaki Kuwaka Asubuhi? Sikiliza Kwanza

Wengi mnanijua kwa mambo ya viazi na mahindi, ila leo tuongee trekta. Masika ikianza huku Sanya Juu kila mtu anataka kulimiwa wiki hiyo hiyo, na trekta likilala siku moja tu, wateja wako wameshahamia kwa mwingine.

Kijana mmoja anayelimia watu upande wa Ngarenairobi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Massey Ferguson 240 yake imegoma. Nilipofika betri imeshaisha kwa kupigiwa stata, wenzake wamechoka kusukuma, na yeye kasimama mbele ya tairi kubwa la nyuma na bisibisi mkononi, anataka kuunganisha stata moja kwa moja. Nikamwambia weka chini hiyo. Ukifanya hivyo umeiruka swichi ya usalama. Kama liko kwenye gia, likiwaka linaondoka hapo hapo, na wewe uko mbele ya tairi. Watu wamekufa hivyo. Trekta linawashwa ukiwa umekaa kwenye kiti, basi.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Injini ya dizeli haina plagi. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo inataka izunguke kwa kasi, ipate hewa na ipate mafuta. Geuza funguo mara moja, usikilize kinachokosekana.

Ikiwa kimya kabisa, angalia gia. Kwenye Massey nyingi stata haipigi mpaka gia iwe huru. Ikigonga "ka!" ikanyamaza, au ikazunguka kwa uchovu, anza na vichwa vya betri kabla hujalaumu betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme: fungua waya wa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto, sugua, kaza, na hasi irudi ya mwisho. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 10 ukipiga stata, imechoka.

Ikizunguka vizuri ila haiwaki, tazama bomba la moshi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini haiungui, kawaida ni baridi, hasa asubuhi za Julai. Hakuna moshi kabisa? Mafuta hayafiki. Hakikisha kwanza kile kivutio cha kuzimia kimerudi ndani. Usicheke, nimeshakuta.

La kijana wetu halikutoa moshi hata kidogo. Kumbe jana yake alilima mpaka tanki likakauka, asubuhi akamimina dizeli ya kwenye dumu akadhani yamekwisha. Mafuta yapo, lakini mabomba yamejaa upepo, na upepo unabanika tu, hausukumi dizeli kwenda kwenye nozeli.

Kuutoa upepo huhitaji fundi. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio la dizeli, pampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya mafuta mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Mkono ukiwa mlegevu, zungusha injini kidogo ujaribu tena. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, mwenzako apige stata mpaka dizeli itoke, halafu kaza. Mikono iwe mbali, dizeli yenye presha inapenya ngozi. Na stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, ipumzike dakika moja, la sivyo utaiunguza.

Tuliazima betri ya pikapu, saa tatu likawaka.

Likiwaka likazima baada ya dakika chache, kuna sehemu bado inavuta upepo, au dizeli ina maji, au chujio limeziba. Mwaga maji ya chini ya chujio, badilisha chujio lenyewe, kaza maungio yote. Pampu kubwa iwe ya mwisho kuguswa, na isifunguliwe shambani kwenye vumbi hata fundi akikuambia ni dakika kumi tu.