Kuiga Upendo wa Mungu: Shambani, Sokoni na Kwenye Orodha ya Misaada



Katika ziara zetu za maparokiani tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa maneno mbalimbali. Kila Jumapili tunahubiriwa kwamba tuige upendo wa Mungu, lakini mkulima wa mahindi, mama ntilie au fundi baiskeli atauigaje? Mungu ni Mungu, na sisi ni watu wa udongo. Ni swali la haki, na mara nyingi linajibiwa juu juu: toeni sadaka, tembeleeni wagonjwa. Hayo ni mema. Lakini Maandiko yanaanzia mahali pengine, na tumeona vyema tupaeleze katika toleo hili kwa sababu panagusa moja kwa moja kazi za kamati zetu na matumizi ya fedha za wafadhili.

Tuanze na Mtume Paulo. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili za Waefeso 5:1 zinasema tumfuate Mungu. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni la kuiga, kama mtoto anavyoiga mwendo wa baba yake, na ndiyo maana watoto wanatajwa hapo hapo. Wengi wetu huanza kusoma kwenye aya hiyo kwa kuwa ndipo sura inapoanza. Paulo mwenyewe hakugawa barua yake katika sura. Mgawanyo huo uliingizwa katika Biblia karne ya 13. Ukirudi nyuma aya chache tu unakutana na mambo ya nyumbani na kazini: acheni uongo, hasira isilale nanyi hadi kesho, chungeni kauli zenu. Na yule aliyekuwa mwizi anaambiwa afanye kazi kwa mikono yake ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji (4:28). Tuangalie hilo vizuri. Mwizi aliyeacha kuiba ameshatii sheria ya serikali. Paulo hajaridhika, anataka mkono ule ule uliokuwa ukichukua sasa uanze kutoa. Hapo ndipo kumwiga Mungu kunapoanzia kwake, katika kazi ya mikono.

Paulo alijifunza hayo katika Torati. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo Bwana Yesu aliirudia, imeandikwa katika Walawi 19:18. Sura hiyo inaanza kwa Mungu kuwataka watu wake wawe watakatifu kwa sababu yeye ni mtakatifu, yaani wamwige. Kisha inaeleza namna ya kufanya hivyo, na msomaji anayetarajia habari za kufunga na kusali atashangaa, kwa sababu anakutana na mavuno, mshahara wa kibarua, kiziwi na kipofu, hukumu isiyopendelea tajiri wala maskini, na mwisho mizani na vipimo.

Kuhusu mavuno, mwenye shamba anaambiwa asivune hadi pembeni kabisa, wala asiokote yaliyoanguka. Ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni (aya ya 9 na 10). Ruthu Mmoabu aliishi kwa sheria hiyo katika shamba la Boazi. Ndugu wasomaji, tazameni jinsi msaada huo ulivyopangwa. Mwenye shamba hachagui nani aje kuokota. Hapangi watu foleni wala hasubiri kushukuriwa. Maskini anaingia mwenyewe, anafanya kazi kwa mikono yake, jioni anarudi nyumbani na nafaka yake mwenyewe bila kuinamisha kichwa. Sisi tunaoendesha miradi tungefanya vizuri kuisoma sheria hiyo kila tunapopanga mgawo wa mbegu au chakula.

Kuhusu kibarua, aya ya 13 inakataza ujira wake usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Kwetu neno "njoo kesho" limekuwa kama salamu. Mtu amepalilia tangu alfajiri, watoto wake wanasubiri unga wa jioni hiyo, naye anaambiwa arudi Jumamosi. Wapo wasichana wa kazi za ndani ambao mshahara wao "unatunzwa" na mama mwenye nyumba mwaka mzima, na siku wanapoondoka hesabu haieleweki. Na tuseme wazi, maana tunaongea na wanakamati: zipo pia parokia ambazo mlinzi, mwalimu wa chekechea au katekista hajalipwa miezi kadhaa huku mchango wa kupaka kanisa rangi ukiendelea. Katika hali kama hiyo sisi tunaona rangi isubiri.

Kuhusu mizani (aya ya 35 na 36), hapa kwetu Tanzania kila mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kipande kingine au wavu juu, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mjini mzigo ule ule unauzwa kwa kilo au kwa fungu, na zile kilo za juu ambazo hakulipwa mtu zinakuwa faida ya mnunuzi. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo imekuwa ikiupiga vita kwa miaka mingi, lakini lumbesa bado ipo. Ipo kwa sababu mkulima ana ada ya shule ya kulipa wiki hiyo, mzigo wake unaoza, na mnunuzi anajua.

Sasa mnunuzi huyo akiwa Mkristo, Jumapili akatoa zaka nono, tumwambieje? Torati haimwambii aongeze zaka. Inamwambia apime sawasawa. Kilo zile ni za mkulima, na kumrudishia mtu kilicho chake hakujafikia bado kuitwa sadaka. Katika vigango vyenye vikundi vya wakulima tunashauri jambo moja linalowezekana: kikundi kinunue mizani yake, wanachama wakubaliane kuuza kwa kilo, na mazao yakusanywe pamoja ili asiwepo mmoja wa kubanwa peke yake njiani. Mizani ya kikundi haina sura ya kidini, lakini kwa maoni yetu ni katika vitu vya Kikristo kabisa ambavyo mradi unaweza kununua.

Hadi hapa tumesema juu ya haki kati ya watu wanaofahamiana. Upendo wa Mungu unavuka hapo. Bwana Yesu katika Mathayo 5:45 anatuonyesha Baba anayewanyeshea mvua wema na waovu pamoja, na anatuambia tuwe watoto wa Baba huyo. Kumbukumbu la Torati 10:18 na 19 inasema Mungu anampenda mgeni na kumpa chakula na mavazi; kwa hiyo nanyi mpendeni mgeni, kwa kuwa mlikuwa wageni Misri. Hili halikuwa somo la vitabuni kwa waamini wa Ngara, mkoani Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Vijiji viliwapokea, na vilibeba mzigo mzito: kuni ziliisha, miti ikakatwa, vyanzo vya maji vikaelemewa. Mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 imepokea Wakongo na baadaye Warundi. Wenyeji wa maeneo hayo wamelalamika mara nyingi, na malalamiko yao si dhambi. Kumpenda mgeni kuna gharama, na gharama hiyo haipaswi kuachiwa kijiji kimoja. Ndiyo maana tunaunga mkono misaada ya wakimbizi inayochimba kisima upande wa kambi na upande wa kijiji pia.

Mgeni, hata hivyo, hatoki nje ya nchi tu, na hapa tunafika kwenye jambo linalotusumbua zaidi: orodha ya wanaopata.

Kila msimu wa njaa, kamati inaletewa magunia machache na inatakiwa kuandika majina. Jina fulani linatajwa, mtu anasema, "Huyo hahudhurii jumuiya." Jingine linatajwa: "Yule mume wake mlevi, atauza." La tatu: "Binti alizalia nyumbani." Kalamu inaruka. Mwisho orodha inabaki na watu wazuri, wanaojulikana, wanaosalimia. Wanakamati hawa si watu wabaya. Wana magunia kumi na nyumba thelathini, na lazima watafute kigezo cha kupunguza. Kosa liko kwenye kigezo. Mtoto wa mlevi ana njaa ile ile ya mtoto wa mwenyekiti wa jumuiya, pengine kubwa zaidi.

Wapo wanaojibu, "Sisi tunaochangia kila wiki ndio tupate kwanza." Hapa panahitaji kutenganishwa. Mfuko wa kufa na kuzikana, au wa kuweka na kukopa, ni mali ya waliochanga, na ni haki yao wapate kwa taratibu zao. Msaada wa wahitaji ni kitu kingine. Haukutolewa kwa ajili ya waliochanga bali kwa ajili ya wenye kukosa. Kamati nyingi huweka hesabu hizi mbili katika daftari moja, na ndipo ugomvi unapozaliwa. Ziwe daftari mbili. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2005 juu ya upendo wa Kikristo, alifundisha kwamba huduma ya upendo ni sehemu ya asili ya Kanisa pamoja na kutangaza Neno na kuadhimisha Sakramenti, na kwamba upendo hutolewa bure, usitumike kumvuta mtu katika dini. Kama hautumiki kumvuta mtu kanisani, basi usitumike pia kumwadhibu aliyeacha kuja.

Kanisa la kwanza nalo lilikuwa na ugomvi wa orodha. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wawe na subira. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia, na majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kigiriki. Inaelekea walitoka upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Sisi tunaliona hilo kuwa busara kubwa ya uongozi: aliyesahauliwa apewe kalamu. Kamati isiyo na mjane hata mmoja, isiyo na mlemavu, isiyo na mtu aishiye na virusi vya UKIMWI, itaendelea kuwasahau hata ikisali rozari kabla ya kikao.

Tungependa pia kusema neno juu ya neno. Katika taarifa zetu tumezoea kuwaita watu hawa "walengwa". Aliyelengwa na mwindaji hana la kusema. Yapo maneno "jirani" na "ndugu", na fomu haikatai kuyapokea.

Ndugu wafadhili, sehemu yenu katika jambo hili ni kubwa kuliko fedha. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama yoyote ya ziada atailipa atakaporudi. Alijua kwamba jeraha haliponi kwa malipo ya siku moja. Wafadhili wengi hupenda kugharimia jengo, kwa sababu jengo lina ukuta wa kuwekea jina. Mafuta ya pikipiki ya mhudumu wa wagonjwa majumbani, sabuni, glavu, nauli ya mgonjwa kwenda kuchukua dawa kila mwezi, hayo hayana ukuta. Mgonjwa lakini anaishi kwa hayo.

Na kuhusu picha. Tunaombwa picha za watoto wenye utapiamlo, za mama mgonjwa kitandani, za watoto yatima wakiimba kushukuru. Tunaelewa kwamba wachangiaji wenu wanataka kuona. Waraka tulioutaja unafundisha pia kwamba kipaji kisimdhalilishe anayepokea, na mtoto huyo atakua, atajua kusoma, ataikuta picha yake. Tutawatumia picha za mizani, za visima, za mashamba, na za watu wazima waliokubali wenyewe baada ya kuelezwa picha inakwenda wapi.

Fomu za taarifa za robo mwaka zitawafikia makatibu wa kamati kwa njia ya kawaida. Safari hii tumeongeza safu mbili. Moja inauliza ni nani aliomba akakosa, na kwa sababu gani. Iandikwe sababu halisi iliyosemwa kikaoni. Nyingine inauliza kama wafanyakazi wa parokia wamelipwa mishahara yao, na kama bado, ni ya miezi mingapi. Vikundi vya wakulima vinavyohitaji mizani vilete maombi pamoja na fomu hiyo, vikiambatisha majina ya wanachama na aina ya mazao wanayouza.