Wamonaki wa Kusini na Mwana wa Butiama

Wajukuu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, nyinyi mmezoea mapadre wa mashirika mengine, si wamonaki Wabenediktini. Misheni ya Nyegina ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911, na mwaka 1946 wakaja Wamarekani wa Maryknoll, ambao kazi yao mnaiona Makoko. Wabenediktini makao yao makubwa ni kusini, Peramiho upande wa Songea, na Ndanda upande wa Masasi. Huko ni mbali na ziwa letu. Lakini vipo vitabu vilivyotungwa na mtu wa kwetu, vikachapwa na wamonaki hao. Ili mvielewe vizuri, lazima niwarudishe nyuma miaka 1,500.

Karibu mwaka 480, katika mji wa Nursia huko Italia, alizaliwa mtoto akaitwa Benedikto. Alipokua alipelekwa Roma kusoma. Maisha ya anasa aliyoyakuta kule yalimchukiza, akaacha masomo, akaenda kuishi pangoni Subiaco kwa miaka kama mitatu, peke yake na sala zake. Watu wakasikia habari zake, wakamfuata. Karibu mwaka 529 alipanda mlima wa Monte Cassino, akajenga nyumba ya watawa, akaandika Kanuni yenye sura 73 kuhusu jinsi watu wanavyoweza kukaa nyumba moja, wakasali, wakafanya kazi na wakavumiliana. Wanaoifuata Kanuni hiyo ndio Wabenediktini.

Sura ya tatu naipenda kuliko zote. Inasema penye jambo zito, abate, yaani mkuu wa nyumba, awaite watawa wote na kuwasikiliza, hata aliye mdogo, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Mkiisoma mtamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyependa kueleza jinsi wazee wa Kiafrika walivyokaa chini ya mti, wakazungumza mpaka wakakubaliana. Sisemi kwamba huyu alijifunza kwa yule. Tena tofauti ipo: kwa Benedikto, wakishasema wote, anayekata shauri ni abate.

Siku ya mmonaki imegawanywa. Husali mara saba mchana na mara moja usiku. Katikati ni kazi za mikono na kusoma. Jikoni kila mtu ana zamu yake. Kwaresima ikifika, kila mmoja hukabidhiwa kitabu akisome chote tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa fikirini: nyumba ambayo kila mtu lazima asome inahitaji vitabu vingi, na siku hizo mashine za chapa hazikuwapo. Basi wamonaki wakakaa wakavinakili kwa mkono, herufi baada ya herufi, juu ya ngozi za wanyama. Vitabu vingi vya kale ambavyo Ulaya inavyo leo viliokolewa na mikono hiyo.

Wabenediktini waliokuja kwetu walitoka Ujerumani, katika shirika lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884, ambalo makao yake ni Sankt Ottilien. Mwaka 1888 walifungua misheni Pugu, karibu na Dar es Salaam. Haikudumu. Wajerumani walikuwa wanaiteka nchi, Abushiri na watu wa pwani wakawapinga kwa silaha, na mwanzoni mwa 1889 Pugu ikashambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa.

Lazima niwaeleze yote, wajukuu, ya kupendeza na ya kuumiza. Mmisionari na serikali ya kikoloni walikuja katika majira mamoja, na wenyeji hawakuona sababu ya kuwatenganisha. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Katika Ungoni, misheni ilichoma kibanda ambamo Nkosi Mputa, chifu wa Wangoni, aliwaombea wahenga wake. Nani angesahau jambo kama hilo? Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kisha Wajerumani wakalipiza kisasi, na Songea mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa makumi.

Baada ya damu hiyo yote, wamonaki walirudi na kujenga upya. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwang'oa tena, na miaka ya 1920 wakarudi tena. Walijenga hospitali ambazo watu wa kusini wanazitegemea mpaka leo. Mabruda waliwafundisha vijana useremala, uashi na ufundi wa vyuma. Mwaka 1957 nyumba ya wamonaki Waafrika ilianzishwa Hanga, katika wilaya ya sasa ya Namtumbo. Na Peramiho palikuwa na kiwanda cha chapa, kilichotoa vitabu vya sala, vya nyimbo na vya kujisomea, kwa Kiswahili.

Sasa turudi Butiama. Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akabatizwa Nyegina mwaka 1943. Aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha Pugu, ambako misheni ile ya kwanza ilivunjwa. Shule ilikuwa mikononi mwa mapadre wa shirika lingine. Mwaka 1955 aliacha kazi hiyo ili aiongoze TANU, na yaliyofuata mnayafahamu.

Msilolisoma mara nyingi shuleni ni hili: alipokwisha kung'atuka, mwana huyu wa Chifu Burito alikaa akatunga Injili kwa utenzi, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, akaongeza Matendo ya Mitume. Utenzi ni kazi ngumu. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vina vikiitikiana. Hebu jaribuni kuuweka mfano wa Mwana Mpotevu katika beti za namna hiyo bila kupoteza kisa wala kuvunja mizani! Mtu aliyekwisha kutafsiri Shakespeare hakuogopa kazi hiyo. Tenzi zake zilichapwa mwaka 1996 na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho, miaka mitatu kabla hajafariki.

Kwangu mimi hapo ndipo wamonaki walipotufaa zaidi watu wa Mara, ingawa hawakujenga nyumba kwenye vilima vyetu. Vitabu kama hivyo havimtajirishi mchapaji; vinamtaka mtu anayeamini kwamba maneno mazuri yanastahili kuhifadhiwa. Vitafuteni kwenye maktaba za parokia, na mkivipata someni kwa sauti, mmoja akipokea ubeti wa mwenzake.