Factorio: Mkanda Upi Bingwa, Mchezaji Yupi Mvivu?

Ukiwakuta mashabiki wa Factorio wanabishana, ujue ni kuhusu mpangilio: nani kapanga mistari ya uzalishaji ikapangika. Gemu hii ya kujenga viwanda inatoka Wube Software ya Prague, na toleo lake kamili lilitoka Agosti 2020. Hawa ndio vinara wetu.

Kwa kasi, kati ya mikanda ya kusafirishia mizigo, wa kijani hauna mpinzani. Wa njano hupitisha vitu 15 kwa sekunde, mwekundu 30, wa buluu 45. Wa kijani ulikuja na nyongeza ya Space Age, Oktoba 2024, nao hupitisha 60; ukipanga mizigo minne minne kwenda juu, 240. Ila kasi bila mzigo ni mbwembwe tu. Hata huo wa njano, kuujaza madini ya chuma kunataka mitambo 30 ya umeme ya kuchimba, na kuyayeyusha yote kunataka matanuri 48 ya mawe. Jenga matanuri 30 uone foleni!

Kwa ulafi ni roketi. Katika gemu ya msingi ina sehemu 100, na kila sehemu hudai vipande 10 vya kiunzi chepesi. Kipande kimoja humeza mabamba 20 ya shaba. Bila moduli za kuongeza tija, hayo ni mabamba 20,000, na bado hujagusa mafuta wala saketi. Mkanda wa njano uliojaa pomoni utayaleta kwa dakika 22 hivi.

Tuzo ya mpangilio bora, kwa maoni yangu, inakwenda kwa kitu kidogo kabisa: mashine tatu za nyaya zikilisha mbili za saketi za kijani. Saketi moja hula nyaya tatu. Bamba moja la shaba hutoa nyaya mbili. Muda wa kutengeneza ni uleule. Hesabu inafunga bila baki. Mkono wa mashine huchota nyaya hapa na kuzitia pale, hazipandi mkanda kamwe. Wengi husifia mikanda mikuu iliyolazwa sambamba katikati ya kiwanda, matawi yakichepuka kushoto na kulia. Inamfaa anayeanza, kwani kila kitu kinaonekana, lakini hula ardhi na mabamba kupita kiasi.

Uvivu nao una medali: maliza gemu bila kutengeneza zaidi ya vitu 111 kwa mkono wako. Mengine yote yafanywe na mashine, na hapo ndipo utajua kama umepanga au umerundika.

Unayetaka kuanza, usingoje punguzo. Wube hawana desturi hiyo. Januari 2023 waliipandisha bei kutoka dola 30 hadi 35. Lipo toleo la majaribio la bure, anzia hapo.